Treni ya Jasper hadi Prince Rupert (Kanada): kwa nini inalala Prince George? Mzee wangu mstaafu wa reli kanikatalia jibu

#1 MtotoWaStesheni
Wakuu habari za mihangaiko. Nina swali limetugombanisha mimi na Mzee tangu kiangazi cha mwaka jana na mpaka leo hatujaelewana.

Niko Edmonton mwaka wa kumi sasa. Mzee wangu ni mstaafu wa Reli ya Kati, kaitumikia miaka 31, vile vistesheni vya porini kati ya Manyoni na Tabora ndo vimetulea. Alipokuja kunitembelea nikasema huyu simpeleki kwenye maduka makubwa, huyu nampandisha treni. Tukaendesha gari mpaka Jasper, mwendo wa kama masaa manne, tukapanda treni ya kwenda Prince Rupert, pwani ya kaskazini karibu na mpaka wa Alaska. Kilometa 1,160.

Sasa hii treni inaondoka Jasper saa 6:45 mchana, saa 1 jioni iko mji unaitwa Prince George, na hapo inalala. Inalala kabisa. Mnashuka wote na mabegi, kila mtu na hoteli yake kwa hela yake, kesho saa 2 kamili asubuhi mnarudi kwenye viti vyenu mnaendelea, baharini mnafika saa 2 na dakika 25 usiku.

Mzee alipoambiwa tunashuka kitu cha kwanza kaniuliza "kichwa cha treni kimeharibika?" Nikamwambia hapana Mzee, ratiba ndo hiyo, wanataka watu waone mandhari mchana. Akanyamaza mpaka tumefika hotelini, amevua viatu amekaa kitandani, ndo akasema: "Mlima haujawahi kupanga ratiba ya treni. Treni ikilala kuna sababu ya relini."

Ndo swali langu. Sababu ni nini? Wanaoijua hiyo laini karibuni.

#2 Mrina_Asali
Shikamoo zake Mzee. Mi niko Tabora hapa hapa, naweka kambi kwenye huu uzi.

#3 Kamba_ya_Meli
Hiyo si ndio Rocky Mountaineer? Ile ya vioo mpaka juu, wazungu wastaafu wanalipa pesa ndefu. Wale lazima walale hotelini, ndio biashara yenyewe.

#4 Kiberenge
@Kamba_ya_Meli hapana mkuu umechanganya. Rocky Mountaineer ni ya watu binafsi, ya kifahari, inaanzia Vancouver na mchana tu ndo inatembea, usiku watu wanalala hoteli Kamloops. Anayoisema mleta uzi ni ya VIA Rail, shirika la serikali, treni namba 5 kwenda na namba 6 kurudi, mara tatu kwa wiki. Fupi sana, kuna siku nimeiona na mabehewa matatu tu.

Mi naendesha lori barabara namba 16, inaenda sambamba na hiyo reli karibu njia nzima, mara niko kulia kwake mara kushoto. Jibu langu ni mizigo. Reli si ya VIA, ni ya CN (Canadian National, kampuni ya treni za mizigo), na mizigo yao inatoka bandari ya Prince Rupert. Kontena kutoka Asia zinashuka pale zinakwenda mpaka Chicago, kuna nafaka, makaa ya mawe, gesi ya propeni. Usiku ukiegesha lori unasikia zinapita tu. Treni ya abiria pale ni mgeni, na mgeni analala anapoambiwa alale.

#5 MtotoWaStesheni
@Kiberenge hapo umeongea kama Mzee neno kwa neno. Yeye anasema usiku laini inatakiwa na mizigo basi abiria wanawekwa kando.

Ila nikwambie kitu, hata mchana tuliwekwa kando. Baada ya Prince George tukaingia njia ya kupishania tukasimama porini kimya, mto pembeni, hakuna nyumba. Mzee akasimama dirishani, akaanza kuhesabu mabehewa ya mizigo kwa kidole kwenye kioo kama alivyokuwa anafanya kwenye baraza ya stesheni tukiwa wadogo. Hesabu ikampotea kwenye 160 na kitu, na treni bado inapita. Akageuka kwangu macho yamemtoka: "Hii haiingii lupu yoyote." Maana yake ni ndefu kuliko njia ya kupishania yenyewe, kwa hiyo hata kama wangetaka kutupisha hawawezi, wa kuingia pembeni ni sisi tu wafupi.

Hapo abiria wengine wanaangalia saa zao, yeye ana furaha kama mtoto.

#6 Bi_Shamsa
Assalaam alaykum. Mimi nipo Toronto, safari hiyo nimeifanya peke yangu mwezi wa tano. Nnavyojua mimi zamani treni hiyo ilikuwa haishushi watu, ilikuwa na mabehewa ya kulala, ikisafiri usiku kucha. Miaka ya tisini ndipo walipobadilisha ikawa ya mchana. Kwa hivyo swali la baba si kwa nini inalala, ni kwa nini walibadilisha. Na mimi naona ni gharama tu. Behewa la kulala linataka mhudumu, shuka, maji, chakula cha usiku na cha asubuhi. Ukiwashusha watu hoteli, gharama zote hizo umewatwika wao.

Na gharama hiyo nimeibeba kweli. Nilifika Prince George nimechelewa, usiku, hoteli moja niliyolipia kabisa wakaniambia chumba wameshampa mtu mwengine. Nimekaa kwenye kiti cha mapokezi mpaka saa sita za usiku ndipo wakanitafutia pengine. Atakayekwenda apige simu hotelini aseme nakuja na treni, musinitolee chumba.

#7 Nesi_wa_Kaskazini
Pole sana @Bi_Shamsa. Mimi niko Prince George, natokea Nakuru, nafanya kazi hosi hapa mwaka wa saba. Hoteli za katikati ya mji unaweza kutembea kutoka stesheni, si mbali. Ukifika usiku wakati wa baridi usijaribu kutembea, chukua teksi, inaweza kuwa chini ya sifuri digrii 25 na wewe umevaa viatu vya Nairobi.

Kuhusu swali: hapa mjini watu wanasema ni sisi tunafaidika, hoteli na mikahawa inajaza wageni. Kuna mzee mmoja kazini aliniambia wafanyibiashara ndio waliisukuma hiyo ratiba.

#8 Kiberenge
@Nesi_wa_Kaskazini mabehewa matatu dada yangu, mara tatu kwa wiki. Hao wageni wangapi wa kuwafanya wenye hoteli wakapige kelele Ottawa?

#9 Nesi_wa_Kaskazini
Nimesema watu wanasema, sijasema ni mimi 😄

#10 Mlimba_Jnr
Wakuu mbona hamtaji usalama? Mi natokea upande wa TAZARA, tumekulia kando ya reli. Kule tukipita porini usiku kuna tembo. Huko kuna dubu, kuna mawe yanaporomoka kwenye mito. Si ndo sababu wanalala?

#11 MtotoWaStesheni
Nilimuuliza Mzee hilo. Kanijibu "mawe yakiporomoka yanachagua abiria, mizigo yanaiacha ipite?" Mizigo si inapita usiku huohuo.

Ila kuna sehemu kando ya mto wamefunga nyaya kwenye nguzo upande wa mlima, mwamba ukianguka unakata waya, taa za njia zinageuka nyekundu. Yeye ndo alinionyesha, mi ningedhani ni uzio wa ng'ombe.

#12 Mama_Bukavu
Jambo bandugu. Mimi ni Mkongomani wa Bukavu niko Edmonton, Waswahili tuko bengi hapa. Mimi nauliza tu, hiyo safari iko na uzuri gani ya kweli? Watoto wangu wanataka niwapeleke Jasper lakini tulisikia moto ulichoma mji.

#13 MtotoWaStesheni
@Mama_Bukavu karibu mama. Ni kweli, Julai 2024 moto wa msituni uliingia Jasper, karibu theluthi moja ya majengo iliungua. Stesheni ilipona. Tulipofika tukakuta upande mmoja wa mji maua na watalii, mtaa wa pili misingi mitupu na vifusi, miti nyuma imesimama meusi kama vijiti vya kibiriti vilivyowashwa. Mzee alivua kofia. Wenyeji wanajenga, wanapenda watu waje, nenda tu na watoto.

Uzuri sasa, ngoja nikueleze. Ukitoka Jasper dakika chache unaanza kupanda Yellowhead, njia ya kuvukia milima, ndo mpaka wa majimbo ya Alberta na British Columbia, saa inarudi nyuma saa nzima. Mzee alikuwa na saa yake ya mkono ya kazini akakataa kuirudisha, akasema hii ni saa ya relwe hairudi nyuma. Hapo juu maji yanagawana: mvua ya upande mmoja inakwenda Aktiki, ya upande wa pili Pasifiki. Halafu ziwa, halafu kulia unatokea mlima Robson, mita 3,954, mkubwa kuliko yote kwenye safu ya Rockies ya Kanada. Wahudumu walisema siku nyingi unajifunika mawingu. Sisi ulijifunua kama dakika tano, barafu mpaka kileleni, halafu wingu likapita kama mtu anavuta pazia. Kiangazi wanaweka behewa lenye kuba la kioo juu, tulikaa humo hatukushuka hata kula.

#14 Mrina_Asali
Hapo Yellowhead ni mita ngapi juu ya bahari?

#15 Kiberenge
1,131 hivi. Barabara yetu nayo inapita hapohapo.

#16 Mrina_Asali
Basi Tabora iko juu zaidi. Sisi tuko kama mita 1,200. Yaani treni inavuka milima yote hiyo ya barafu kwenye kimo ambacho hata hapa sokoni kwetu hakifiki. Mwambie Mzee.

#17 MtotoWaStesheni
😂 Nimemtumia sasa hivi. Ataitangaza mtaa mzima.

Lakini ndo maana alisema kichwa hakikuguna njia nzima. Alikaa anasubiri kisikike kikivuta mlimani kama cha kutoka Dodoma kupanda bonde la ufa, hola. Hiyo njia ilijengwa na kampuni iliitwa Grand Trunk Pacific, na walikuwa wakali sana kwenye mpando, kila mita 100 haupandi zaidi ya nusu mita. Walitumia hela nyingi kuilaza njia ili treni nzito zipite kirahisi.

#18 Kamba_ya_Meli
Si ndio ile Canadian Pacific?

#19 Bi_Shamsa
Hapana ndugu yangu, Canadian Pacific ni nyengine, ilikwenda Vancouver mapema zaidi. Hii ya Grand Trunk ilitaka kushindana nayo, wakachagua Prince Rupert kwa sababu kutoka Asia ni karibu zaidi kuliko Vancouver. Mkubwa wao akiitwa Charles Hays ndiye aliyekuwa na ndoto ya mji mkubwa pale. Alikwenda Uingereza, wakati wa kurudi akapanda Titanic. Akafa nayo, Aprili 1912. Reli ikamalizwa miaka miwili baadaye, na 1919 kampuni ikafilisika. Sanamu yake ipo Prince Rupert mpaka leo, nimesimama mbele yake kwenye mvua.

#20 Kamba_ya_Meli
Subhanallah. Mtu wa reli anauliwa na meli.

#21 Mrina_Asali
Ilimalizwa lini hasa? Maana ikiwa 1914 basi ni mwaka mmoja na yetu.

#22 Kiberenge
Msumari wa mwisho 7 Aprili 1914, karibu na Fort Fraser. Ukitoka Prince George kwenda magharibi unapapita.

#23 Mrina_Asali
Basi sisi tuliwatangulia. Reli ya Kati ya Mjerumani ilifika Kigoma mapema mwaka huohuo 1914, Februari. Kilometa 1,250 hivi kutoka Dar. Yaani reli mbili, urefu karibu sawa, mwaka mmoja, zote zinaenda kutafuta maji upande wa magharibi. Moja ikakuta bahari nyingine ikakuta Tanganyika.

Na kama mnaongelea meli, sisi tuna Liemba. Imejengwa Ujerumani, ikavunjwavunjwa ikapakiwa kwenye masanduku, ikasafirishwa kwa reli hiyohiyo mpaka Kigoma ikaungwa upya. 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe, Mwingereza akaja kuiibua, 1927 ikarudi kazini na jina jipya. Hays na Titanic yake hawakupata bahati hiyo.

#24 MtotoWaStesheni
@Mrina_Asali umenifanya nimpigie Mzee simu usiku huu. Mama yangu ni wa Kigoma na hiyo meli ndo alipandia kwenda kwao kusini.

Halafu tulivyofika Prince Rupert tulipanda feri ya kwenda Port Hardy, kisiwa cha Vancouver, masaa 16 ya mchana kati ya visiwa na misitu inayoshuka mpaka kwenye maji. Inaitwa Northern Expedition, nayo imejengwa Ujerumani, Flensburg. Mzee akasoma kibao ukutani akasema "Mjerumani yuko kila tunapokwenda."

#25 Swali_Moja
Samahanini wakuu mimi mgeni humu. Kwa hiyo ni feri salama?

#26 Bi_Shamsa
Salama kwa uwezo wa Mungu. Ila njia hiyo ina historia, Machi 2006 feri ya kabla ya hiyo, Queen of the North, iligonga kisiwa cha Gil usiku ikazama. Abiria wawili hawakuonekana tena. Wengine wote waliokolewa, na watu wa kijiji cha Hartley Bay ndio waliotoka usiku na mashua zao za uvuvi na mablanketi. Ukipita pale watu wengi wananyamaza.

#27 Mlimba_Jnr
Turudi kwenye dubu jamani. Mliona?

#28 MtotoWaStesheni
Watatu. Mmoja na mtoto wake kwenye nyasi kando ya reli baada ya mji mdogo wa McBride, kabla ya Prince George, dereva alipunguza mwendo kabisa na mhudumu akatangaza upande gani, behewa zima likahamia kushoto. Wa tatu alikuwa mtoni.

Tulimtafuta yule mweupe hatukumpata.

#29 Mlimba_Jnr
Mweupe? Yule wa barafuni?

#30 Nesi_wa_Kaskazini
Sio wa barafuni. Ni dubu mweusi wa kawaida lakini amezaliwa mweupe, ni kurithi tu, lazima apate kutoka kwa baba na mama wote wawili. Si zeruzeru, pua na macho yake ni ya rangi ya kawaida. Wako pwani huko kwenye visiwa na karibu na Terrace. Wale wa barafuni nenda Churchill, Manitoba, huko nako kunafikika kwa treni tu au ndege, barabara hakuna. Siku mbili kutoka Winnipeg. 2017 mafuriko yalibomoa reli yao, wakakaa zaidi ya mwaka bila treni, kila kitu kinaletwa na ndege au meli.

Na hiyo inanipa jibu tofauti la swali la mzee. Treni ya Prince Rupert iko kwenye orodha ya zile ambazo serikali inataka ziendelee kwa ajili ya watu wa mashambani. Kati ya McBride na hapa kuna vijiji kama Penny na Dome Creek, treni inasimama ukiomba. Greyhound waliondoa mabasi yao huku 2018. Nina mgonjwa wangu mmoja alikuwa anakuja kliniki na hiyo treni. Sasa fikiria ingekuwa inatembea usiku, huyo mama angesimama porini saa tisa ya usiku, kwenye theluji, anapunga tochi? Mimi naamini ni kwa ajili yao. Nyinyi mnaongelea milima na mizigo na hoteli lakini kuna watu hiyo ndiyo matatu yao.

#31 Mama_Bukavu
Dada umesema vizuri sana.

#32 Kiberenge
@Nesi_wa_Kaskazini nakuheshimu ila hesabu haikubali. Huyo mama wa Penny akija kliniki kwa treni Jumatano jioni, kliniki imefungwa. Analala. Alhamisi anatibiwa. Treni ya kurudi anaingoja mpaka lini? Ratiba ingekuwa ya kwao ingekuwa inakwenda asubuhi inarudi jioni.

#33 Nesi_wa_Kaskazini
Analala kwa binti yake. Na anashukuru ipo.

#34 Bi_Shamsa
Mimi nabaki palepale, gharama. Treni kubwa ya Toronto kwenda Vancouver, kilometa 4,466, ina mabehewa ya kulala hadi leo, na inapita kwenye reli ya CN hiyohiyo, na mizigo hiyohiyo, na mawe hayohayo. Kwa nini ile isilale? Kwa sababu ina abiria wa kulipia vitanda.

#35 Mrina_Asali
Hapo Bi Shamsa kawabana.

#36 Kiberenge
Hajanibana. Ile kubwa nayo inawekwa pembeni mpaka ratiba yake waliirefusha ili ifike kwa wakati. Tatizo ni sheria. Marekani imeandikwa kabisa kwamba treni ya abiria itangulie ya mizigo, hata kama hawaifuati vizuri. Kanada hakuna sheria hiyo. Mwenye reli ndo mwenye neno. Sasa ukilala Prince George, ukichelewa siku ya kwanza masaa matatu manne, usiku unakufidia, kesho saa 2 unaanza upya kama hukuchelewa. Huo usiku ni wa kufidia tu. Fikirieni vizuri.

#37 MtotoWaStesheni
Hiyo ya kufidia sikuwahi kuiwaza, na Mzee hajawahi kuisema. Nampelekea.

#38 Swali_Moja
Jamani mimi nataka kwenda mwaka huu na mke wangu, tuko Calgary. Tukae upande gani? Na chakula?

#39 Bi_Shamsa
Chakula kiangazi ukikata daraja la juu kinaletwa kitini. Daraja la chini wanauza vitu vidogo, chukua vyako. Mimi nilibeba sambusa na chupa ya chai ya maziwa, nikamgawia na bibi mmoja wa Kigitxsan, wenyeji wa asili wa huko, aliyepandia New Hazelton, akanipa samaki aina ya salmoni aliyekaushwa kwa moshi, mkavu mwekundu, mtamu mno, unamtafuna nusu saa. Nikamwambia kwetu nako tuna ng'onda. Tukacheka, akataka nimuandikie hilo neno.

#40 MtotoWaStesheni
Upande: ukitoka Jasper, kulia kwa ajili ya Robson. Siku ya pili kaa kushoto. Baada ya Hazelton mnavuka Skeena kwenye daraja refu la chuma, na kuanzia hapo mto uko kushoto kwako mpaka baharini.

Huo mto ndo ulinimaliza mimi. Jina lake wenyewe wanasema maana yake ni maji yatokayo mawinguni. Pale Kitwanga unaona nguzo ndefu za mwerezi zimechongwa sura, kunguru, mbwamwitu, watu juu ya watu. Ukipita Terrace mto unapanuka, milima inashuka wima mpaka majini, na juu kila ufa unatoka uzi mweupe wa maji, huwezi kuzihesabu. Reli imebanwa kati ya mwamba na mto, ukiangalia chini dirishani huoni ardhi unaona maji. Halafu mto unaanza kunuka chumvi. Tai wenye vichwa vyeupe wamekaa kwenye magogo yaliyokwama mchangani. Mzee aliuliza kama maji yanapwa na kujaa, nikamwambia sijui, akanionyesha mstari mweusi kwenye mwamba, "yanajaa mpaka pale." Mtu wa Tabora ndo ananifundisha bahari.

Na ilikuwa saa 2 usiku jua bado liko juu, maana huko mwezi wa sita linazama saa 4 na kitu.

#41 Kamba_ya_Meli
Sasa mkuu hapo si ndio jibu lako umejijibu? Kama ingepita hapo usiku ungeona nini?

#42 Kiberenge
Mizigo inapita usiku haioni kitu na inalipa kuliko nyinyi wote 😄

#43 Mlimba_Jnr
Na desemba je? Giza linaingia mapema huko. Treni ya desemba inalala Prince George vilevile na mandhari hakuna, nusu ya njia ni giza. Kwa hiyo mandhari siyo.

#44 Bi_Shamsa
Mlimba kasema la maana. Lakini inarudisha gharama mezani.

#45 Nesi_wa_Kaskazini
Au vijiji.

#46 MtotoWaStesheni
Wakuu nimeongea na Mzee, nimemsomea uzi wote, kasikiliza kama anasikiliza taarifa ya habari. Anawasalimu. Wanaomwamkia anasema marahaba, na Mrina Asali anasema siku akija mjini atakutafuta mumalize hiyo habari ya Kigoma.

Kuhusu hoja: ya hoteli kaikataa. Ya Bi Shamsa kasema ina nusu ya ukweli, kwamba hata kwetu mabehewa ya daraja la kwanza yalianza kupunguzwa kwa shuka. Ya Nesi imemgusa, kanyamaza, akasema kwenye kistesheni chetu kuna akina mama walikuwa wanapanda treni ya usiku na kuku na wagonjwa, na alikuwa anawawashia taa ya chemli waone ngazi, kwa hiyo usiku si kikwazo ikiwa stesheni ina mtu. Ya Kiberenge ya kufidia muda kaniambia niisome tena. Nikaisoma mara tatu. Kasema "huyo dereva wa lori angefaa relini." Lakini bado hakusema kakubali.

Badala yake kaniuliza swali lingine. Siku ile tuliposimama Smithers, mji wa njiani baada ya Prince George, kulikuwa na mvua, miguu inamuuma hakushuka, tangu hapo linamkaa moyoni. Mataruma ya pale stesheni, yale yanayolaliwa na reli, ni ya mbao au ya zege? Kuna mtu yuko huko?

#47 Kiberenge
Niko Smithers muda huu, nimeegesha natafuta chakula. Nipe dakika kumi.

#48 Mrina_Asali
Sisi huku ya zamani tuna ya chuma kwenye vipande vingi. Mchwa wetu ule mbao mpaka umalize.

#49 Kiberenge
Mbao. Zote ninazoziona kwenye njia za uani hapa ni mbao zilizopakwa lami, zinanukia mpaka barabarani maana jua limetoka. Nimepiga picha nimekutumia pembeni. Mwambie Mzee kuna moja imepasuka katikati, wameshaiwekea alama ya rangi ya kubadilishwa.